Mlango wa Kuku wa Mzee Elihuruma

Elihuruma alitengeneza redio za watu kwa miaka thelathini na minane, na hakumwamini mteja hata mmoja. Ukimwambia redio imejizima yenyewe, anakutazama kwa jicho la pembeni: umeimwagia chai wewe! Alipostaafu akatulia kwake Lemara, akafuga kuku, sasa ikawa zamu ya majirani.

Banda alilifungia servo, kile kimota kidogo cha kuvuta na kushikilia mlango, kikiongozwa na kibao cha kompyuta cha ukubwa wa kiberiti. Kibao chenyewe kinatumia volti tatu na kidogo, lakini mzee akakichomeka kwenye waya uleule wa umeme wa servo. Akitoka, anaacha mlango umefungwa.

Wiki moja tu, matetea watatu hawapo na mlango uko wazi. Nani kaufungua? Jumapili harufu ya kuku ilitoka kwa Fransiska, mjane wa ng'ambo ya ua, aliyemletea uji alipougua malaria. Basi! Elihuruma akasimama uani, akapaza sauti watu wasikie.

"Mama Hope, kuku wangu ni watamu, eeh?"

Fransiska aliwashika wanawe mkono akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimia mzee kutoka ule upande. Alijiambia haimuumi. Mwongo mkubwa! Ilimuuma mno.

Akaamua kumkamata mwizi mchana kweupe. Alijifanya anatoka, kisha akajibanza kwenye migomba. Kuku wakauegemea mlango. Servo ikajikaza kuushikilia, ikanguruma. Taa ya kibao ikazimika, ikawaka tena, na mlango ukafunguka. Hakukuwa na mtu.

"Mungu wangu!"

Akaleta kipimo chake. Kila servo ilipojikaza ilinyonya umeme wote, volti zikaporomoka, kibao kikazimika. Kikiamka, jambo la kwanza ni kufungua mlango, kama alivyokiamuru yeye mwenyewe. Fundi mzima! Akaipa servo betri zake nne, akaunganisha nyaya hasi za pande zote mbili, kibao akakiachia waya wa kutoa amri tu. Kuku wakasukuma wee, mlango haukutikisika.

Akakata jani la isale. Kwao Uchagani anayekuja na isale amekuja kuomba msamaha, na humfukuzi. Alimkuta Fransiska jikoni, akamweleza yote.

Fransiska alilipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, baba. Ila wanangu shuleni wanaitwa watoto wa mwizi. Wako sebuleni wanakula. Nenda ukawaambie wewe."

Elihuruma akaenda. Hope na mdogo wake Prosper walipomwona waliacha kula. Hope akaivuta sahani ya mdogo wake, akaifunika kwa mkono.

"Shikamoo," akasema. "Hii siyo kuku, babu. Ni maharage."