Mama Aliyeandikwa Kabla ya Mke

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, jirani yangu wa zamani alinipigia simu kutoka Kanyakine. "Mama ametuacha," alisema. Nilijua ni mama mkwe wake, kwa kuwa mamake mzazi alizikwa zamani.

Wasomaji wanivumilie nikimkumbuka bibi huyo niliyekutana naye mara chache. Mwanawe, mume wa jirani yangu, alikuwa dereva wa serikali, na tulipanga nyumba jirani mtaani Dallas, Embu. Alipoajiriwa akiwa kapera, alimwandika mamake awe mpokeaji wa malipo yake ya kifo. Baadaye alioa, akapata watoto watatu, lakini hakubadilisha jina. Alikuwa akisema kwamba kutaja mirathi ungali mzima ni kujiitia kaburi. Alipofariki ghafla, sisi majirani tuliunda kamati ya mazishi, tukawa tunakutana kila jioni kupanga mahema, jeneza na chai ya wageni. Hakuna aliyeuliza ameandikwa nani. Malipo yakatoka, yakaingia kwenye akaunti ya mamake, na mjane akabaki na kodi ya nyumba na karo.

Nilimsindikiza mjane huyo hadi Kanyakine, nyumbani kwa bibi. Tulimkuta shemeji yake mdogo amekwisha kuketi.

"Mama, serikali haikosei," alisema. "Jina ni lako, pesa ni yako. Huyu bado kijana, ataolewa kwingine."

Bibi aliendelea kuchambua maharagwe. "Kakako aliandika kabla hajaoa. Ulitaka aandike nani, ng'ombe?"

"Lakini mama, ukoo..."

"Ukoo ndio uliomnyonyesha? Nyamaza. Kesho tunaenda benki."

Kesho yake mhudumu wa benki alimtazama kwa mshangao. "Cucu, unampa yote? Hubakishi hata ya sukari?"

"Sukari ataniletea huyu mwanangu. Asipoleta, nitarudi hapa nikushtaki wewe uliyemhesabia." Mhudumu akacheka, akamsogezea wino, kwani bibi hakuwahi kusoma.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Sheria haikumdhulumu mtu, ilimlipa aliyeandikwa. Haikujua nani anawapikia watoto wala nani anasimamishwa langoni mwa shule kwa kukosa karo. Nimeona nyumba nyingi huku kwetu zikivunjika kwa pesa za marehemu, na si mara zote kwa sababu ya tamaa. Wakati mwingine aliyeandikwa huamini kwa moyo safi kwamba jina lake ndilo wosia wa mwisho, hata kama liliandikwa na kijana ambaye hakujua atakuja kuwa baba. Kwa hiyo anayeajiriwa leo akiwa peke yake arudi ofisini akioa, na arudi tena akizaa. Wema wa mama ni baraka, lakini si utaratibu wa kutegemea. Dereva yule aliutegemea bila kujua, akabahatika: kidole gumba kimoja chenye wino kiliwaokolea wanawe shilingi laki saba na elfu arobaini.