Wimbo Uliopelekwa kwa Fundi

Jumanne nilikuwa kwa mama mmoja, fundi cherehani pale Makambako, nasubiri suruali yangu ipunguzwe miguu. Mbele yangu alisimama kiongozi wa timu ya sifa, wale waimbishaji wa kanisa analosali fundi huyo, anapimwa koti.

"Tunataka timu ionekane mpya, mama," alisema. "Watu wamepoa. Tukiimba wanatuangalia tu."

"Nyanyua mkono," fundi akamwambia, akavuta futi mpaka kwenye kiwiko. "Mnaimba vizuri, mwanangu. Mnatuimbia. Zamani mlikuwa mnatuimbisha."

Jamaa akabaki na mkono hewani. "Sasa tumekosea wapi?"

"Mnaanzia juu mno. Mimi huko sifiki, kwa hiyo nafunga kitabu changu cha nyimbo naangalia viatu vyenu. Hebu anza ule wa Jumapili."

Akaanza kwa aibu.

"Shusha," fundi akasema. Akashusha.

"Shusha tena."

Mara ya tatu fundi mwenyewe akaingia na sauti ya pili, futi ikining'inia shingoni, na mteja aliyeleta kitenge akaitikia kutoka mlangoni. Hata mimi, ambaye kwaya ya shule iliniomba kwa upole nikacheze mpira, nilijikuta naimba.

"Hapohapo," fundi akasema. "Jumapili muanzie hapo. Koti litasubiri."

Mimi nilikwenda kupunguza suruali tu. Kumbe hata wimbo hupunguzwa, ukawaenea watu.