Mbio Ambazo Sikukimbia

Sare zetu zilikuwa zimepigwa pasi tangu asubuhi. Tulikuwa ng'ambo, kwenye mabweni ya wanariadha, na siku hiyo michezo mikubwa ya dunia ilikuwa ifunguliwe. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mimi, binti wa mfugaji wa mbuzi kutoka Tseikuru, nilikuwa nimechaguliwa kukimbia mita mia nane.

Kabla ya chakula cha mchana, kiongozi wa timu alituita ukumbini. Alisema kuna nchi iliyopeleka timu yake ya raga kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, na bado imeruhusiwa kushiriki hapa kana kwamba haikufanya lolote. Nchi za Afrika zimekataa. Tufunge mizigo.

Mwenzangu wa chumbani, aliyekuwa mrusha mkuki, aliuliza kama hatungeweza kushindana kwanza, halafu tulalamike baadaye. Kocha wetu ndiye aliyemjibu. Mzee huyo alikuwa ametufundisha kwamba michezo hii ni ya amani, kwamba kushiriki kunapita medali, na kwamba kwenye mstari wa kuanzia hakuna mkubwa wala mdogo. Siku hiyo aliongea akiangalia sakafu.

"Kuna watu ambao hawaruhusiwi kusimama kwenye huo mstari kwa sababu ya ngozi yao," alisema. "Tukikimbia, tumekubali."

Nilijua anasema kweli. Nilikunja sare yangu nikijua hivyo, na sikupata nafuu yoyote.

Tuliporudi nchini, nilifika Mwingi na kutoka hapo nikapanda lori la mfanyabiashara wa ng'ombe kwenda nyumbani, mtu wa kaskazini mashariki aliyenijua tangu nikiwa shule. Njia nzima hakuniuliza kitu, na nilimshukuru moyoni. Nyumbani waliuliza wote. Majirani walitaka kujua nimekuwa wa ngapi. Nilieleza habari za makaburu hadi koo likakauka, na wengine wakaondoka wakiamini nimeshindwa na naona haya kusema.

Mama alisubiri watu waishe, akaniletea uji.

"Hao watu wa huko kusini," aliuliza, "wanajua kwamba hukukimbia kwa ajili yao?"

"Sidhani, mwaitu," nilimjibu mama yangu.

Aliniambia ninywe uji kabla haujapoa.

Niliendelea na mazoezi kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na asubuhi zangu. Miaka minne ikapita, nikachaguliwa tena, na kwa mara nyingine tukaambiwa hatuendi. Safari hii mataifa makubwa yalikuwa yamegombana na serikali yetu ikachagua upande. Kocha alikuja mwenyewe kunipa habari. Nilingoja anieleze maana yake kama alivyofanya mara ya kwanza. Alikaa, akavua kofia, akasema amechoka. Kisha akavaa kofia yake, akaondoka. Sikukimbia tena mashindano yoyote.

Niliolewa Makueni, nikawa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Tawa. Nilipewa kusimamia michezo, na wasichana wangu walikimbia pekupeku kwenye uwanja wenye mawe. Nikiwafundisha, maneno ya kocha yalinitoka mdomoni yenyewe: amani, usawa, kushiriki. Kuna siku nilijisikia nikiyasema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani, nikawaambia tu wakimbie.

Miaka ya tisini ilipoanza, nilikuwa Kambu nikingoja basi la Emali, nikaingia duka la Mwislamu mmoja ambaye huwa nanunua kwake chai na sabuni. Televisheni yake, iliyounganishwa na betri ya gari, ilikuwa ikionyesha ufunguzi wa michezo ile ile. Timu ya Afrika Kusini ilikuwa ikipita, weupe na weusi pamoja.

"Mwalimu, si hawa ndio waliofanya mrudishwe nyumbani?" mwenye duka aliuliza.

"Ndio hawa."

Alinivutia kiti. Kati ya wale waliopita kulikuwa na msichana mweusi mwembamba, mwenye miguu ya mkimbiaji, akipunga mkono huku na huku. Nilimfurahia. Ni kweli nilimfurahia, ila furaha yenyewe ilikuja polepole, na ilinikuta magoti yakiuma na mtoto wangu mkubwa tayari akiwa darasa la tano. Nilitaka kumweleza mwenye duka jambo fulani kuhusu ule mstari wa kuanzia, ambao kocha alisema wengine hawaruhusiwi kusimama, lakini wateja walikuwa wameingia na yeye alikuwa akipima sukari.

Basi lilipopiga honi nilichukua kikapu changu, nikamuaga, nikatoka.