Sifuri kwa Duka la Iringa

Jamani, nimeumbuka. Niliagiza kibodi ya kompyuta ya zamani kutoka duka la mtandaoni la Iringa, ikaja Mbeya kwa basi. Ndani ya boksi nikakuta na disketi chakavu. Nikaitupa kwenye ndoo ya taka, nikaipiga picha, nikairusha kwenye grupu letu la wapenda kompyuta: “Wadau, nani mwingine katumiwa uchafu na duka hili? Toeni alama, sifuri mpaka kumi.” Mimi, mjuaji wa Mwanjelwa, nikatoa sifuri.

Mmoja, namba nisiyoijua, akajibu: “Duka ni langu. Kuza picha, kaka, usome lebo.”

Nikakuza. Mwandiko ulikuwa wangu, wa enzi za shule Tosamaganga: “Mali ya Sanga na Kalinga. Msiguse!”

Sanga ni mimi. Kalinga nimemtafuta miaka na miaka.

Na gari la taka lilishapita.