Mshale Uliposhuka Hadi Sifuri

Selpha Nasipwondi alikuwa mpimaji katika maabara ndogo ya watu binafsi mjini Kisumu. Mwaka 1991 alikuwa na miaka thelathini na minne, na ndiye pekee pale kazini aliyeaminiwa kubeba mashine ya kupima mvuke wa mafuta. Ndani ya mashine hiyo uliwaka mwali mdogo wa haidrojeni, umefungiwa usitoke nje. Pampu ilivuta hewa kwa mpira mrefu na kuipitisha kwenye mwali. Hewa ikiwa na mvuke wa petroli, mvuke uliungua, ukazaa umeme kidogo, na mshale ukapanda.

Asubuhi moja aliitwa gereji ya Hemedi, huko Mamboleo. Tangi la lori la petroli lilikuwa na ufa kwa ndani, na fundi wa kuchomelea, Dalmas Oduor wa Manyatta, ndiye angeingia kuuziba. Tangi lilikuwa limeoshwa jana yake. Hemedi alitaka karatasi tu ya kusema ni safi, maana mwenye lori alikuwa akimsumbua tangu alfajiri.

Selpha alipanda ngazi, akaingiza mpira kwenye mdomo wa tangi. Mshale uliruka hadi mwisho, ukatetemeka, kisha ukashuka mpaka sifuri na kutulia.

"Umeona, Mama? Imekaa sifuri," Hemedi alisema kutoka chini. "Ilikuwa harufu ya juu juu. Oduor, chukua vyombo."

Oduor alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi.

"Ngoja kwanza, Baba," Selpha alimwambia.

Sifuri ile haikumkaa moyoni. Hata hewa ya kando ya barabara haikuwahi kumpa sifuri tupu namna hiyo. Akashuka, akaomba kitambaa chenye petroli, akakisogeza kwenye ncha ya mpira. Kila mtu pale alisikia harufu. Mshale haukusogea.

"Basi mashine yako imekufa," Hemedi alisema.

"Haijafa. Mwali umezimika. Mvuke umejaa mle ndani hata hewa ya kuuwasha haitoshi. Sifuri hii ni ya mwali, si ya tangi."

Oduor aliushusha mguu polepole, akaenda kukaa juu ya tairi.

Selpha aliivusha mashine hadi ng'ambo ya uwanja, akawasha mwali upya, akaujaribu kwa gesi ya kupimia aliyokuja nayo. Kisha akavuta hewa kidogo ya tangi kwa sirinji, akaichanganya na hewa safi mara mia ndani ya mfuko wa plastiki. Mshale ukasimama kwenye mia nne. Akazidisha kwa mia.

"Katika kila sehemu milioni za hewa ya tangi, elfu arobaini ni mvuke," alisema. "Hapo cheche moja inatosha, Bwana Hemedi. Tungekuwa tunamzika huyu."

Walipofungua koki ya chini, ilitoka petroli iliyokuwa imejificha nyuma ya ukuta wa ndani, mahali ambapo maji ya kuoshea hayakufika. Walijaza tangi maji pomoni, wakayamwaga, wakapuliza hewa kwa feni siku mbili. Siku ya tatu Selpha alipima juu, katikati na chini, na kila alipomaliza alikisogeza tena kile kitambaa kuhakikisha mwali unawaka. Mshale ulionyesha kati ya tano na nane. Akatia sahihi.

Hata hivyo hakuondoka. Oduor aliingia kuchomelea, naye akasimama pale karibu saa nzima, akitazama mwanga wa samawati ukimulika mdomo wa tangi. Hatimaye Oduor akatoa kichwa nje, uso umelowa jasho, akaomba chai.

"Ero kamano, nyar Bungoma," akamshukuru kwa Kijaluo, akimwita binti wa Bungoma.

Selpha alicheka, kisha akakaa chini. Hemedi ndiye aliyewamiminia chai, mwenyewe.

Jumapili Dorca, mke wa Oduor, alimpelekea Selpha kuku nyumbani kwake Kondele. Alimshika Selpha mkono kwa muda mrefu pale mlangoni, kisha wakaingia ndani, wakazungumza habari za watoto.