Mla Nyama wa Chumba cha Nyuma

Si mwongo, tusimwonee. Mtunza chupa wa makumbusho hakusema hata siku moja kwamba anafuga simba. Siku ya kwenda kuposa aliulizwa kazi yake, akajibu, "Natunza wanyama. Yupo mmoja mla nyama." Mama mkwe mtarajiwa akaweka kikombe chini taratibu, na kijana wa watu akajiona ameheshimika. Sasa aongeze kwamba huyo mla nyama ni konokono wa urefu wa kidole, aliyekufa tangu enzi za babu yake, na analala ndani ya chupa ya spiriti? Wewe ungeongeza?

Basi akanyamaza, akanyamaza miaka tisa. Mama mkwe akipiga simu huuliza, "Na yule mnyama?" Naye hujibu kwa sauti nzito, "Yupo. Juzi tu nimemwongezea." Spiriti, ndiyo aliyomwongezea. Mkewe, ambaye anajua kila kitu, hukimbilia jikoni kucheka.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja mjini kuchukua miwani. Asubuhi ya kuondoka akatangaza kwamba hapandi basi kabla hajamwona mnyama.

"Yako hiyo, mume wangu," mkewe akamnong'oneza. "Mimi siendi."

Njia nzima jasho lilimtoka. Heshima ya miaka tisa inakwenda na maji hivi hivi! Pale ukumbini kuna chui aliyekaushwa, meno yote nje. Angemnyooshea kidole tu, mambo yakaisha, na kusema kweli alipunguza mwendo. Lakini mama mkwe alikuwa amemshika mkono, kaung'ang'ania kama wa mtoto anayeweza kupotea. Akashindwa.

Akampeleka chumba cha nyuma, akaishusha chupa kutoka rafu ya tatu.

"Mama, mla nyama ndiye huyu. Anakula konokono wenzake. Anaingiza kichwa ndani ya gamba la mwenzake, anamla humo humo. Alipokuwa hai, yaani."

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Konokono alikuwa mweupe kama kidole kilichokaa sana majini.

"Huyu?"

"Huyu, mama."

"Hana hata meno."

"Anayo. Madogo, yako kwenye ulimi," akamtetea, maana kazi ni kazi.

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda, akalia. Mkwewe akabaki amekumbatia chupa, hajui pa kuiweka.

"Miaka tisa," akasema mama. "Simu ikilia alfajiri siigusi. Namwachia baba yenu apokee. Najua ni ya kuniambia umeliwa."

Kumbe! Muda wote alipodhani anastahiwa, alikuwa anaombolezwa kabla ya siku zake. Aibu ilimshika mpaka akapiga magoti.

"Nisamehe, mama."

"Leo siwezi hata kukasirika, nimefurahi mno," akasema, akimpangusa vumbi begani. "Nipigie kesho alfajiri. Nitapokea mwenyewe, nikuseme vizuri."