Muuza Chumvi Aliyetuchorea Kipilefti

Habari ya kifo chake ilinikuta uani kwangu hapa Tunduma, asubuhi, nikianika mahindi ya kupeleka mashineni. Aliyepiga simu ni kiongozi wa akina mama wa sokoni. "Mwalimu, mwenzetu muuza chumvi ametutoka alfajiri hospitalini. Tunazika kesho." Nikampa pole, nikamwombea marehemu mapumziko mema, kisha kabla sijakata simu nikauliza swali ambalo hadi leo linanitia aibu: "Watu ni wengi?" Yule mama alidhani nawaza habari za chakula cha msibani. Akajibu kwamba ni wengi mno, hata njia ya kwenda nyumbani kwake imefungwa. Lakini mimi sikuwa nikiwaza chakula. Nilitaka kujua kama hata kwa kufa angenizidi.

Ninyi mnaosoma safu hii kwa miaka mingi mnanifahamu. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, binti wa wakulima wa kahawa wa Mbozi, mwenye magoti mabovu na maneno mengi. Yeye wengi wenu hamkumfahamu. Alizaliwa Ndalambo, akaolewa Ivuna, na huko akajifunza kuchemsha maji ya chumvi mpaka yakauke na kubaki unga mweupe. Mume alipofariki alihamia Tunduma na binti yake mmoja. Akawa anauza chumvi kwa kopo, ndoo kichwani na kiroba mkononi, akitembea tangu sokoni hadi upande wa mpakani na kurudi, kila siku isipokuwa Jumapili. Hakujua kusoma zaidi ya jina lake. Safu yangu alikuwa akisomewa na wenzake sokoni, tena aliifuatilia kuliko baadhi ya walimu wenzangu. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kinamwanga. Barabara aliiita balabala, na mimi, kwa ule ugonjwa wetu walimu, nilikuwa namsahihisha pale pale mlangoni kwangu huku akinipimia chumvi. Alikuwa akirudia nilivyomwambia, anacheka, kesho yake anasema balabala.

Sasa niwarudishe kwenye makutano ya barabara ya katikati ya mji. Zamani palisimama trafiki mwenye filimbi. Pale ndipo semitrela za kwenda na kutoka Zambia zinakutana na bodaboda, mikokoteni ya magunia na watu wa sokoni, na mara nyingi kulikuwa na vurugu tupu. Lilipoletwa wazo la kujenga kipilefti, yaani mzunguko wa magari katikati ya makutano, mimi nililishangilia kuliko mtu yeyote. Niliandika makala tatu mfululizo. Nilisema kwamba kwenye kipilefti gari halipiti kwa kasi, magari hayagongani uso kwa uso, na kila dereva analazimika kumsubiri mwenzake. Yote hayo yalikuwa kweli, na bado ni kweli. Nilikuwa nimeviona vipilefti katika miji mingine na vikanivutia. Niliviona nikiwa ndani ya gari. Hilo sikuliandika.

Kipilefti kilipokamilika, watu waliniamkia barabarani kwa heshima mpya. Wenye malori, wengi wao waungwana Waislamu waliohamia hapa kwa biashara ya usafirishaji, walinisimamisha kunipongeza. Mmoja aliniambia kwamba foleni ya nusu siku imekwisha na dua zake zote ananiombea mimi. Nilitembea kifua mbele kama vile saruji ile niliichanganya kwa mikono yangu. Ndipo muuza chumvi alipokuja nyumbani. Hakuja na ndoo siku hiyo.

"Mwalimu, shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya kile kipilefti chako."

"Marahaba. Si changu, ni cha wananchi."

"Sawa. Sasa sisi wananchi wa miguu tunapita wapi?"

Nikamweleza kwamba kuna kivuko cha mistari myeupe, tena kimewekwa pale pale kwenye mzunguko ili kila mtu akione. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba zamani trafiki aliinua mkono, magari yakasimama, nao wakavuka kwa kundi, wazee na wenye mizigo wakiwa katikati. Sasa magari yanapunguza mwendo ila hayasimami. Dereva anayeingia kwenye mzunguko anatazama kulia kwake kama kuna gari, naye mwenda kwa miguu yuko kushoto. Akasema amewahi kusimama na ndoo kichwani mpaka shingo ikafa ganzi. Na wiki ile lori refu lilipokata kona, kichwa cha lori kilipita mbali naye kabisa, lakini magurudumu ya nyuma yalipanda ukingo wa barabara na kusaga kiroba chake alichokuwa amekiweka chini apumzike. "Ningekuwa nimekaa juu ya kiroba, kama ninavyokaa siku zote, usingekuwa unazungumza na mimi," alisema.

Nilimjibu kwamba watu wetu hawana nidhamu ya barabara, na kwamba wakizoea mambo yatakaa sawa. Akaniomba jambo moja: niende naye kesho asubuhi nivuke mara moja tu, kutoka upande wa sokoni hadi ng'ambo. Nikasema magoti yananisumbua. Akatazama magoti yangu, akaaga.

Baada ya muda watu wawili waligongwa pale, mama mmoja na mzee mmoja. Hawakufa, ila yule mzee hakutembea tena sawasawa. Ukaitishwa mkutano wa wananchi ukumbini, na mhandisi wa barabara naye akaja. Nilijua nitaitwa kusema. Niliandaa kurasa nne, nikazisoma mbele ya kioo, nikavaa kitenge changu kizuri. Lakini mwenyekiti alianza na watu wa soko, na akina mama wakamsukuma mbele muuza chumvi.

Hakuwa na karatasi. Alitembea na ndoo yake mpaka katikati ya ukumbi, akatia mkono ndani, akaanza kumwaga chumvi taratibu kwenye sakafu ya saruji. Akachora duara. Akachora barabara nne zinazoingia. Akachora mistari ya kivuko, pale pale ilipo. Watu wa nyuma wakasimama juu ya viti. Akavua kanga yake ya mabegani, akaikunja ikawa ndefu, akaiburuza kuzunguka duara kama lori linavyozunguka. Mbele ya kanga ilipita vizuri. Nyuma yake ikafuta mistari ya kivuko.

"Mnaona?" alisema. "Mkia unakuja baada ya lori. Mtu anaona lori limepita, anaweka mguu. Hajui kwamba lori bado halijaisha."

Mhandisi alitoka mezani. Akachuchumaa kwenye sakafu akiwa na suruali yake safi, akauliza, "Mama, sasa wewe ungekiweka wapi kivuko?"

Akachukua konzi nyingine ya chumvi, akarudi nyuma kwenye barabara, mbali na duara kwa urefu wa lori moja, akachora pale. Kisha katikati ya barabara akamwaga kichuguu kidogo. "Na hapa mtuwekee pa kusimama. Nivuke magari yanayokuja, nipumzike, ndiyo nivuke yanayoondoka. Mimi siwezi kutazama pande mbili na ndoo kichwani. Ndoo haina shingo."

Watu walicheka, wakapiga makofi, na mhandisi akaandika. Nilimwona akiandika. Miaka yote hii nimeandika kuhusu mji huu na sijawahi kumwona mtu yeyote mwenye madaraka akiandika nililosema. Nilipoitwa mimi, nilisoma kurasa zangu nne kwa Kiswahili kilichonyooka, na watu walikuwa wakiinama kutazama chumvi. Hata mwenyekiti aliikwepa alipopita kwenda mlangoni, asije akaiharibu. Nilimaliza kusoma, nikasikia makofi ya adabu, yale wanayopigiwa watoto wa ngonjera.

Wivu una tabia ya kujipa majina mazuri. Wangu ulijiita utaalamu. Wiki ile niliandika makala, na walio na kumbukumbu wataikumbuka, nikasema barabara ni kazi ya waliosomea, na kwamba mji utakaochorwa na wauza chumvi utayeyuka mvua ya kwanza. Nilijisifu kwa sentensi ile. Nikaandika pia kwamba msemaji mmoja alidai "lori linakuja na mkia", nikawachekesha wasomaji. Barua za pongezi zilikuja. Siku chache baadaye naye akaja, na ndoo yake, akanipimia chumvi kama kawaida. Akiwa amekwisha kufunga mfuko akasema, "Nimesomewa ulivyoniandika. Kiswahili kizuri sana, mwalimu. Ila mimi sikusema lori linakuja na mkia. Nilisema mkia unakuja baada ya lori. Hayo ni mambo mawili."

Nimefundisha ufahamu kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na mtu asiyejua kusoma alikuwa ananionyesha kwamba nimenukuu vibaya, na kwamba katika kule kukosea kwangu ndimo ilimopotea maana yote. Ningeweza kusahihisha wiki iliyofuata kwa mstari mmoja. Sikusahihisha. Niliandika kuhusu bei ya mbolea.

Kivuko kilihamishwa. Walikirudisha nyuma, mbali na mzunguko, kama alivyochora, wakainua ukingo, wakajenga katikati ya barabara kisiwa cha kusimamia chenye nguzo mbili. Watu wakaanza kupaita kwa Mama Chumvi, na mpaka leo ukimwambia mtu wa bodaboda akushushe kwa Mama Chumvi hakuulizi ni wapi. Mimi kwa muda mrefu sikupavuka. Nilikuwa nakodi bodaboda kutoka upande mmoja wa barabara kwenda upande wa pili, umbali wa kutupa jiwe, ili tu miguu yangu isikanyage pale. Madereva walidhani ni magoti.

Siku moja pikipiki zote zilikuwa zimeenda kumpokea kiongozi fulani, nami nilikuwa na dawa za kuchukua. Nikavuka. Nilipofika kwenye kisiwa nilimkuta amesimama na ndoo yake. Alisogea kunipa nafasi. Lori refu lilipita mbele yetu, nikainua mguu, naye akanishika mkono juu kidogo ya kiwiko, kwa nguvu. "Subiri, mwalimu. Bado halijaisha." Mkia ukapita. Ndipo akaniachia, tukavuka sambamba mwendo wa magoti yangu. Ng'ambo akaniuliza habari za nyumbani, nami nikamuuliza habari za binti yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema nisamehe. Badala yake nilimwambia kwamba barabara inatamkwa barabara. Akacheka sana, akaenda zake. Sikumwona tena akiwa mzima. Figo zilimsumbua, akalazwa, na mimi nikawa naahirisha kwenda kumwona kwa sababu ambazo nilizipanga vizuri.

Msibani nilikuta kwaya ya kanisa lake, nikakuta wenye malori wenye kofia zao wamekaa kwenye mikeka, nikakuta akina mama wa Zambia waliovuka mpaka kuja kumlilia. Binti yake alinijia mbio. Walikuwa wakitafuta mtu wa kuandika wasifu wa marehemu, na mama yake alikuwa amesema kabla hajafa kwamba aandike mwalimu, kwa sababu ndiye mwenye Kiswahili. Nilipewa kiti, daftari na chumba cha peke yangu. Niliandika kwa machozi, na niliamini kwamba nimeandika vizuri. Binti alisoma akiwa amesimama, kisha akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa. "Mwalimu, samahani. Hapa mama anazaliwa, hapa anaolewa, halafu kuanzia hapa mpaka chini ni wewe."

Nilisoma tena. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeeleza nilivyomfahamu, nilivyomfundisha matamshi, nilivyojifunza kwake, namna nitakavyomkumbuka. Hata ndani ya karatasi ya maziko yake nilikuwa natafuta pa kusimama. Nikayakata hayo yote. Nikamwomba binti akae, asimulie yeye, nami niandike tu, na safari hii kila sentensi nilimsomea kumuuliza kama ndivyo alivyosema. Mara tatu aliniambia hapana. Wasifu ule uliposomwa kaburini ulikuwa mfupi, hauna pambo hata moja, na watu walilia.

Kama mnaniuliza leo iwapo vipilefti vinamfaa mtu wa miguu katikati ya mji wenye pilikapilika, nitawajibu kwamba vinamfaa pale anayevichora alipomuuliza anayevuka, akamsubiri amalize kusema, na akaandika alichosema, neno kwa neno. Bila hivyo ni mduara wa kuwafaa walio ndani ya magari. Na kuhusu mimi, nisiwadanganye kwamba wivu umekwisha. Bado namwonea wivu kwa ule umati, kwa jina lake kubaki midomoni mwa watu, na kwa ile konzi ya chumvi iliyoshinda kurasa zangu nne. Ila nimejua sasa kwamba alichokuwa nacho nami ningeweza kuwa nacho. Alitembea, akatazama, akasema alichokiona bila kujali nani atapigiwa makofi. Mlango ulikuwa wazi kwangu siku zote. Ni mimi niliyesema magoti.